Watu Waliosimama Juu ya Ziwa

Ipo nchi iitwayo Tutafika. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa maana ramani yake imo kwenye matengenezo. Ni nchi ya amani, yenye wimbo wa taifa wa beti kumi na moja, na yenye Wizara ya Kesho. Zamani ilikuwapo pia Wizara ya Leo, ila ilifungwa baada ya kubainika kwamba watu walikuwa wakifika pale kila asubuhi na kuuliza maswali. Wizara ya Kesho haina usumbufu huo. Mtu akienda na shida yake huambiwa kwa heshima kwamba amewahi.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Magengeni, aliishi fundi mmoja mwanamke, jina lake Zamda Mkanula. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mifano ya majengo. Wasanifu walimpelekea michoro, naye akaigeuza kuwa maghorofa ya mbao laini na maboksi, madogo ya kubebwa juu ya sinia, ili mwenye mali aone atakachojenga kabla hajaanza kukijenga. Alikuwa na miaka arobaini na saba, vidole virefu, maneno machache, na nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga mwenyewe, mwaka huu msingi, mwaka ule lenta, mwaka mwingine bati. Majirani walimtania kwamba nusu ya mji imepita chini ya kitanda chake.

Ikatokea kwamba Waziri wa Kesho, Mheshimiwa Tegemea Mpingwa, alisafiri kwenda nchi za mbali kwa ziara ya mafunzo. Huko akaingizwa kwenye jumba la sanaa, akakuta miji ya miaka mia moja ijayo imetandazwa juu ya meza na wageni wanaishika kwa mikono. Mgeni akisogeza daraja, mto unabadili njia. Akisimamisha mti, ndege wanalia. Msanii hasemi mji utakuwaje, anamwachia mgeni aseme. Waziri alisogeza kituo kimoja cha basi, taa zikawaka mtaa mzima, na waliofuatana naye wanasema alitokwa machozi. Katika miaka yake ishirini ya uongozi hakuwahi kuona kitu alichokisogeza yeye kikawaka.

Aliporudi akatangaza kwamba Tutafika nayo itakuwa na maonyesho ya aina hiyo, yataitwa Gusa Kesho, na Mtukufu Rais mwenyewe atayatembelea wiki ya Sikukuu ya Kukaribia, ambayo ndiyo sikukuu kubwa ya nchi ile. Kazi zikawa mbili. Ya kwanza ilikuwa Baiskeli ya Mawingu: mgeni anapiga pedali, na moshi mweupe unapanda darini kuonyesha hewa safi ya miaka ijayo. Kazi hiyo alipewa shemeji wa Waziri, na iliharibika siku ya kwanza. Ya pili ilikuwa Meza ya Mji, yenye mji mkuu mzima kama utakavyokuwa, hatua kumi na mbili kwa hatua nane. Hiyo ilihitaji mtu anayeijua kazi, kwa hiyo akatafutwa Zamda.

Aliyetumwa kumtafuta alikuwa Bwana Hozza, Kaimu Mkurugenzi wa Ushirikishwaji wa Wananchi. Alikuwa kaimu kwa mwaka wa tisa. Mtu mwembamba, mpole, mwenye tai fupi, na faili lake alilikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Alimwapisha Zamda kiapo cha siri palepale uani, mkono mmoja juu ya katiba na mwingine ukiwa bado na gundi, kisha akamkabidhi michoro na kuondoka.

Zamda alikunjua michoro mezani akafanya ambacho kila mtu angefanya. Alitafuta kwao. Akaanza kituo kikuu cha mabasi, akapita kituo cha polisi, akafika kivuko cha reli, akakata kushoto, na hapo kidole chake kikaingia majini. Mahali alipotarajia kuona Magengeni aliona rangi ya buluu, na katikati yake maneno yaliyoandikwa kwa herufi za mapambo: Ziwa la Tafakuri. Palichorwa na batamaji sita. Kando ya maji, upande wa magharibi, palikuwa na viwanja kumi na vinne vyenye namba tu, bila majina.

Kesho yake alimfuata Bwana Hozza ofisini na kumwuliza ziwa lile ni nini. Bwana Hozza alimjibu kwamba lile ni wazo tu la kisanii, kwamba mpango wake umeshasainiwa, na kwamba jambo lenyewe ni siri. Aliyasema yote matatu kwa pumzi moja, na yote matatu yalikuwa kweli.

Zamda akarudi nyumbani akiwa hana raha. Alifikiri kuikataa kazi. Lakini akiikataa yeye atapewa mwingine, pengine yule shemeji, naye atakata kingo za ziwa ovyo ovyo hata mtu asijue ni wapi palipozama. Akaona kama watu wa Magengeni ni wa kuzamishwa, basi angalau wazamishwe kwa vipimo sahihi. Akaikubali. Ila tangu siku hiyo, kila asubuhi alipopita kibarazani kwa Bi Sikudhani, mwuza vitumbua, aliharakisha hatua bila kumsalimu.

Usimamizi wa kazi ulikuwa chini ya Kamati ya Kugusa, yenye wajumbe kumi na mmoja. Kikao cha kwanza kilikubaliana kwamba wananchi waruhusiwe kugusa. Kikao cha pili kilifafanua maana ya kugusa: kwa kidole kimoja, cha mkono wa kulia, baada ya kunawa. Kikao cha tatu kilijiuliza itakuwaje mwananchi akiung'oa mnara wa Wizara, wenye ghorofa sitini, akauweka jirani na dampo. Ikaamuliwa majengo yote ya kimkakati yagundishwe kwenye meza. Mnara ulikuwa wa kimkakati. Uwanja wa ndege pia, na barabara za juu, na hoteli. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba miti mingi ilipandwa na viongozi siku za sherehe, hivyo haifai kung'olewa na kila mpita njia. Miti nayo ikagundishwa.

Kikao cha nne Zamda alinyoosha mkono akauliza, sasa wananchi watasogeza nini.

Mjumbe mmoja alifungua kabrasha lake kana kwamba jibu limo humo. Hatimaye Waziri Mpingwa, aliyekuwa amefumba macho kwa muda mrefu, akasema taratibu kama mtu aliyefunuliwa jambo:

"Watajisogeza wenyewe."

Wakapiga makofi. Ndivyo ilivyoamuliwa kwamba Zamda achonge watu elfu mbili, kila mmoja urefu wa kidole gumba, na msumari ndani ya miguu ili awe na uzito. Chini ya meza ataweka swichi ndogo ndogo, na mahali mtu atakaposimamishwa taa itawaka. Penye watu wengi pataangaza sana. Penye mnara, Waziri aliagiza taa zaidi, na penye ziwa zaidi kuliko hapo, kwa sababu alitaka maji yameremete machoni pa Mtukufu Rais. Zamda akatandika swichi mia nne chini ya nailoni ya buluu, akachonga watu wiki nne mfululizo. Kwa kuwa hakuwa na sura nyingine kichwani, walitoka wakifanana na majirani zake. Alikuwapo mmoja mwenye tumbo la Athanas kinyozi, na mwingine aliyeshika kiuno kama Bi Sikudhani anapodai chombo chake.

Siku ya kufunguliwa, ukumbi ulijaa watumishi wa Wizara waliosombwa kwa mabasi. Kila mmoja alikabidhiwa mtu wake, na wote wakasimama kando ya meza wamewashika watu hao wakisubiri maelekezo ya mahali pa kuwaweka. Maelekezo hayakuja, kwa hiyo saa sita waliwarudisha watu kwenye boksi wakaenda kula.

Mchana wakaingia watu wa kawaida, na mambo yakabadilika. Mama mmoja aliweka mtu sokoni, sokoni pakawaka, akacheka hadi akajifunika uso. Wanafunzi wa uuguzi walipanga foleni ndefu mbele ya hospitali na mtu mmoja tu upande wa dawa. Mzee wa kilemba aliweka watu watano kwenye benchi chini ya mwembe uliogundishwa na kusema hao wanapumzika, wasiguswe. Kituo cha mabasi kiliwaka, machinjioni paliwaka, hata njia ya mkato ya nyuma ya jela iliwaka. Mnara wa ghorofa sitini ulibaki giza. Kijana mmoja fundi umeme alimweka mtu ghorofa ya hamsini, akawaza kidogo, akamtoa. Aliulizwa na mlinzi kwa nini. Akasema lifti ikiharibika huyu atashukaje.

Siku ya tatu akaja Bi Sikudhani. Alikuwa amevaa kanga mpya, na alitaka kuona kazi iliyomfanya Zamda amkwepe mwezi mzima. Zamda alimwamkia, Bi Sikudhani akaitikia bila kumtazama, macho yake yalikuwa mezani. Naye alianza kituo cha mabasi. Kidole chake kimoja cha mkono wa kulia, kilichonawishwa mlangoni, kikapita polisi, kikavuka reli, kikakata kushoto. Kikasimama.

"Zamda, mwanangu," akasema, "mbona nimefika majini?"

Bi Sikudhani akarudi nyuma hadi kituo cha mabasi akaanza safari upya, polepole zaidi, akitaja njia kwa sauti ya chini: duka la mkaa, choo cha kulipia, reli. Akafika palepale.

"Nyumba yangu iko wapi?"

Zamda alikumbuka kiapo chake. Alimtazama mlinzi, akamtazama Bwana Hozza aliyekuwa anajaza fomu kwenye kona, kisha akachagua mtu mmoja kutoka kwenye boksi, yule aliyeshika kiuno, akampa Bi Sikudhani mkononi.

"Msimamishe pale unapokaa," akamwambia.

Bi Sikudhani aliinama juu ya meza. Alipima kwa macho umbali kutoka relini, akasogea kidogo kwa ajili ya mfereji, akamsimamisha mtu wake katikati ya maji ya buluu. Taa moja ikawaka chini yake. Alikunja kanga yake akaondoka, na waliomwona njiani wanasema alitembea kama mtu anayekwenda kudai.

Asubuhi iliyofuata foleni ilianza mlango wa ukumbi ikaishia barabarani, na wote walikuwa wa Magengeni. Hawakutaka Baiskeli ya Mawingu. Kila mmoja aliomba mtu wake, akamsimamisha ziwani na kumwonyesha mwenzake: huyu ni mimi, huyu mama watoto, hawa wapangaji. Athanas kinyozi aliweka mtu mmoja amekaa na mwingine amesimama nyuma yake, na akakataa kuondoka mpaka yule aliyekaa aelekezwe upande wa mwanga. Waligombana kidogo juu ya mpaka wa Mama Stela na msikiti, wakasuluhishana hapohapo. Kufikia alasiri ziwa lilikuwa limejaa, na liling'aa hata likawafanya walinzi wakunje nyuso.

Waziri alipopata habari alikuja mwenyewe. Aliangalia mnara wake wenye giza, akaangalia ziwa linalowaka, akauliza nani amewaruhusu wananchi kukaa pale. Aliambiwa ndiyo maana ya maonyesho. Akasema maana ya maonyesho anaijua, yeye ndiye aliyeitoa ng'ambo. Kisha akatoa agizo ambalo Bwana Hozza aliliandika bila kuinua macho, kwa kuwa mkono wake ulishazoea:

"Wananchi wahamishiwe mnarani. Na wagundishwe."

Wakagundishwa. Jioni ile mnara wa ghorofa sitini ukawaka wote kwa mara ya kwanza, watu mia tisa wamesimama kwenye vibaraza wakitazama mbele, na ziwa likawa na batamaji sita tu. Zamda alifanya kazi ile kwa mkono wake mwenyewe, na alipofika kwa yule aliyeshika kiuno alikaa naye kiganjani kitambo, kisha akamtia mfukoni.

Lakini watu wa Magengeni, walipokuta boksi limefungwa kwa kufuli, walirudi nyumbani na kutengeneza watu wao. Wengine waliwafinyanga kwa udongo wa mfereji. Wengine waliwakata kutoka kwenye makopo ya rangi. Bi Sikudhani alimkaanga mtu wa unga kwa mafuta ya vitumbua, mgumu kama jiwe, na kichwani alimfunga uzi mwekundu. Wizara ikatoa tangazo kwamba ni marufuku mgeni kuingia na mtu ambaye hakutolewa na serikali, na walinzi wakaamriwa wapekue mikoba kutafuta watu. Walipatikana kwenye pindo za kanga, kwenye soksi, ndani ya andazi. Waliopatikana waliandikwa kwenye daftari na kufungiwa stoo. Wasiopatikana walifika ziwani. Mlinzi wa zamu ya asubuhi naye alikuwa mpangaji wa Athanas kinyozi, na mara nyingi macho yake yalikuwa darini.

Zamda aliitwa mbele ya Kamati. Hakupigiwa kelele. Aliulizwa tu kwa upole kama ana watoto, kama nyumba yake ina hati, na kama anajua kiapo ni nini. Alijibu kwamba hakumwambia mtu chochote, na ilikuwa kweli. Usiku ule, na ule uliofuata, kila gari lililopita lilimwamsha.

Aliyewaokoa wote kwa wakati ule alikuwa Bwana Hozza na takwimu zake. Alitakiwa aandike taarifa ya mahudhurio kwa ajili ya ziara ya Mtukufu Rais, na akiwa mtu mwaminifu alihesabu wageni waliweka watu wapi. Akaandika kwamba asilimia tisini na mbili ya wananchi wamechagua Ziwa la Tafakuri. Waziri aliisoma sentensi ile mara mbili. Uso wake ukakunjuka. Akaagiza boksi lifunguliwe, watu wote waliofungiwa stoo warudishwe majini mara moja na waliobaki nje waruhusiwe kuingia, hata wa unga.

Siku ya ziara, Mtukufu Rais aliingia akiwa amechoka, kwa sababu alikuwa ametoka kuzindua kisima kilekile alichozindua mwaka jana. Alikuwa mzee mrefu, mwenye tabasamu, na sikio moja ambalo halikusikia vizuri. Lipi kati ya mawili ilikuwa siri ya taifa. Alizunguka meza mpaka alipofika penye ziwa. Hapo palikuwa na watu zaidi ya elfu moja, wa mbao, wa udongo, wa bati na wa kukaanga, bega kwa bega, na mwanga uliotoka chini yao ulimpiga Rais kidevuni.

"Hawa wanafanya nini hapa?" akauliza.

"Wananchi wetu wana imani kubwa, Mtukufu," akasema Waziri Mpingwa. "Wanatembea juu ya maji." Akaendelea kueleza kwamba taifa lisilo na ziwa ni kama bwana harusi asiye na saa, kwamba asilimia tisini na mbili ya umma imelitaka ziwa hilo kwa vidole vyake yenyewe, na kwamba hakuna kiongozi duniani aliyewahi kuombwa maji kwa upendo mkubwa kiasi hicho.

Rais aliguswa. Akasema kama wanalipenda hivyo, basi ziwa liongezwe mara mbili.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Zamda alikuwa amesimama nyuma, karibu na ndoo ya kunawia, na mwenyewe hakujua miguu yake ilimfikishaje mbele. Alisikia sauti yake ikitoka, nyembamba, wakati makofi yanapungua.

"Mtukufu, hawalipendi. Hapo ndipo wanapokaa."

Rais aliinama upande akauliza mama huyu anasemaje. Waziri akamsogelea sikioni, na safari hii alilipata lile linalosikia.

"Anasema hapo ndipo wanapokaa, Mtukufu. Kupumzika."

"Vizuri sana," akasema Rais, akimtazama Zamda kwa wema. "Muwawekee na mabenchi."

Akaondoka. Zamda alibaki amesimama, mikono imening'inia. Alikuwa amesema. Neno alilolificha wiki kumi lilikuwa limetoka mdomoni mwake mbele ya nchi nzima, na lilipofika lilikuwa mabenchi. Bi Sikudhani alipenya kwenye umati, akamshika mkono akamtoa nje, akamkalisha kwenye ngazi, akampa maji. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba mtu akilia avute kamasi, asubuhi kuna kazi.

Na kazi ilikuwapo. Agizo la Rais lilitakiwa kuonekana juu ya meza ndani ya wiki moja, na Zamda akaitwa kulikuza ziwa. Alifika mbele ya Kamati akiwa na mkasi, futi kamba na nailoni mpya, na kwa sababu ni fundi aliuliza swali la fundi: ziwa likue kuelekea upande gani?

Wajumbe walimwambia popote. Zamda akawaeleza kwamba kaskazini ipo reli. Wakakubali, reli haiwezekani. Mashariki yapo makaburi ya mashujaa, na kusini kambi ya jeshi. Wakatikisa vichwa, hayo nayo hayawezekani. Akasema basi umebaki upande wa magharibi, akatandika nailoni juu ya vile viwanja kumi na vinne vyenye namba, akalainisha mikunjo kwa kiganja, taratibu, mpaka ukingoni.

Ilikuwa kama ameitandika nailoni juu ya vichwa vyao. Mjumbe mmoja akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu, kama kiwanja namba sita kitalowa chote au sehemu. Zamda akapima akasema chote. Mwingine akaulizia namba tisa kwa niaba ya rafiki yake. Waziri Mpingwa hakuulizia namba yoyote, ila alikuwa anatazama namba moja, iliyokuwa pembezoni kabisa mwa maji ya zamani na ambayo sasa ilikuwa na batamaji juu yake.

Ndipo ilipogunduliwa kwamba maziwa yana hasara. Mjumbe wa namba tisa alikumbuka mbu. Mwingine alikuwa amesoma mahali kwamba batamaji ni ndege mwenye hasira na aliwahi kumvunja mtu mkono. Waziri alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa hotuba ambayo Zamda aliikumbuka maisha yake yote. Alisema ziwa ni nini, ndugu zangu, kama si maji yaliyokosa kazi. Alisema maji ya kweli ya maendeleo hupita ndani ya bomba. Alisema Wizara yake imesikiliza kilio cha wananchi wa Magengeni, waliosimama pale wiki nzima kwa miguu yao ya udongo, na kwamba serikali inayosikia haiwezi kuwatosa watu wake. Mwishoni sauti ilimkatika, na hapana shaka alikuwa anaamini kila neno.

Magengeni ikabaki. Ilitangazwa redioni kwamba imeteuliwa kuwa Eneo la Mfano la Makazi ya Kudumu, na kibao kikaja kusimikwa kando ya choo cha kulipia. Maonyesho yalipofungwa watu walikwenda ukumbini kuchukua watu wao. Zamda alimtoa mfukoni yule aliyeshika kiuno akampa Bi Sikudhani. Bi Sikudhani alimgeuza huku na huku, akasema kiuno chake hakijawahi kuwa kinene namna ile, akamweka juu ya kabati la vyombo.

Jumamosi ya pili baada ya hapo, Zamda alikuwa uani anafagia vumbi la mbao, akamwona Bwana Hozza amesimama mlangoni bila tai na bila faili. Mikono yake haikujua ikae wapi. Alikaribishwa kiti, akaletewa chai. Akazunguka sana kwa mazungumzo ya hali ya hewa kabla hajauliza kama dada Zamda anafahamu mahali penye chumba cha kupanga. Zamda akashangaa, akamwuliza nyumba yake ya serikali kule Kota za Mikaratusini, alikokaa miaka kumi na tisa, imepatwa na nini.

Bwana Hozza alikunywa chai. Kisha akaeleza. Agizo la Mtukufu Rais halifutiki, linahamishika tu. Ziwa mara mbili lilikuwa limeshasemwa, kwa hiyo lilihitaji pa kukaa. Kamati ikatafuta eneo la bondeni, mali ya serikali, lisilo na pingamizi, lenye wakazi ambao hawatalalamika kwa kuwa wote ni watumishi na wote wana kiapo.

"Nani alitaja Kota?" Zamda akauliza.

"Sijui. Muhtasari niliuandika mimi." Bwana Hozza aliweka kikombe chini. "Mwandiko ni wangu, dada. Nilikuwa naandika haraka, sikuwa nasikiliza. Nimekuja kuusoma nyumbani, nimekaa kitandani."

Zamda alitaka kucheka, akamwona alivyokaa, akaacha. Alimpeleka kwenye chumba cha nyuma alimokuwa anakaushia watu. Akamwambia bati linavuja upande wa dirisha. Bwana Hozza akasema kuvuja si neno. Alikanyaga sakafu kwa kisigino mara mbili tatu, kama anayenunua mtungi, akauliza hapa ni pakavu kweli.

"Pakavu," akasema Zamda. "Tumepapigania."

Mchana huohuo Athanas kinyozi aliazima mkokoteni, wakaenda na Bwana Hozza Kota kuchukua vyombo vyake. Walipofika, habari ya chumba ilikuwa imewatangulia. Nje ya nyumba yake kulikuwa na familia nane zimesimama na magodoro yao, makarani, matarishi, mpiga chapa wa Waziri na mama yake mkongwe, na hakuna aliyesema kitu kwa sababu ya kiapo. Walikuwa wanautazama mkokoteni tu.

Athanas akarudi Magengeni kumwuliza Bi Sikudhani wafanyeje. Bi Sikudhani akauliza wako wangapi. Alipoambiwa akahesabu kwa vidole, mara mbili, akaepua karai la mafuta jikoni, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupiga hodi nyumba hadi nyumba. Kwa Mama Stela wakaingia wanne. Msikitini wakatoa chumba cha madrasa. Wengine walibanana, wengine walinung'unika, na mpiga chapa pamoja na mama yake waliwekwa kinyozini mpaka Jumatatu. Kabla jua halijazama kila mtu alikuwa amepata pa kulaza ubavu, na hapakuwa na kamati yoyote iliyokaa.